Kuziba Bila Kubana: Mirija ya Kupumulia na Majeraha ya Njia ya Hewa

Mtu akilazwa usingizi kwa upasuaji mkubwa, au akifikishwa katika chumba cha wagonjwa mahututi akiwa ameshindwa kupumua, jambo linalotangulia mengine yote ni kumhakikishia njia ya hewa. Mrija wa plastiki wenye tundu la milimita 7 au 8 hupitishwa kinywani, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti na kutua ndani ya trakea, yaani bomba linalopeleka hewa mapafuni. Karibu na ncha ya mrija huo kuna puto. Puto hujazwa hewa mpaka liguse kuta za trakea pande zote, ili pumzi inayosukumwa na mashine isivuje, na ili mate, makohozi na matapishi yaliyoko juu yasiteremkie mapafuni.

Kazi hiyo ya kuziba ndiyo inayoleta madhara. Puto haliwezi kuziba bila kugusa, na likigusa kwa nguvu hubana nyama hai. Wagonjwa wengi huamka na koo linalouma na sauti iliyokwaruza, wakapona baada ya siku chache. Lakini wako ambao hurudi hospitalini baada ya wiki au miezi wakipumua kwa mluzi, wakapewa dawa za pumu zisizowafaa, kumbe trakea imefinywa na kovu. Mtu aliyeokolewa na mrija hujikuta anapigania hewa upya kwa sababu ya mrija uleule.

Je, mrija unaweza kutengenezwa usijeruhi? Madaktari na mafundi wamelihangaikia swali hili tangu karne ya 19, na wamepiga hatua kubwa. Hata hivyo, ukizifuatilia hatua hizo moja baada ya nyingine utaona jambo linalojirudia: jeraha likipunguzwa mahali pamoja, tatizo huhamia pengine. Puto gumu liliponyima utando damu, likaletwa laini. Laini likaruhusu makohozi kupita. Mrija mnene ulipochubua nyuzi za sauti, ukaletwa mwembamba; mwembamba ukafanya pumzi iwe nzito. Kwa hiyo hakuna mrija ulio bora kwa kila kitu. Ninachokitetea hapa ni kwamba mrija upimwe kwa namna unavyomlinda mgonjwa katika mazingira halisi utakamotumika, mahali ambapo muuguzi ni mmoja kwa wagonjwa wengi na kifaa cha kupimia shinikizo hakipo.

Jeraha linavyotokea

Trakea ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Hushikiliwa wazi na magegedu 16 hadi 20 yenye umbo la herufi C, yaliyo wazi upande wa nyuma unaopakana na umio. Ndani yake kuna utando laini wenye vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi kuelekea juu, nao hulishwa na mishipa myembamba ya damu. Damu ndani ya mishipa hiyo husukumwa kwa shinikizo la kiasi cha milimita 25 hadi 35 za zebaki. Puto likibana kupita hapo, damu husimama.

Tutazame kipande kimoja tu cha utando, upana wa ukucha, kilichoshikwa kati ya puto na ukingo wa gegedu. Baada ya saa chache vinyweleo vyake huanza kufa na makohozi hukwama. Baadaye utando huvimba, kisha huchubuka na kuwa kidonda. Kubana kukiendelea, kidonda hushuka mpaka kwenye gegedu lenyewe, ambalo halina mishipa yake ya damu bali hutegemea utando unaolifunika. Likibaki uchi, vijidudu huliingia na huanza kulainika. Mrija ukitolewa, mwili hukarabati kwa njia unayoijua, yaani kwa kovu, na kovu la mviringo hujikaza. Pale ambapo gegedu limekwisha, trakea hulegea na kuporomoka mgonjwa anapopumua. Mara chache zaidi kidonda hutoboa mpaka kwenye umio au kwenye mshipa mkubwa wa damu, na hapo mgonjwa huwa katika hatari ya kufa.

Puto si mkosaji pekee. Mrija una mkunjo mmoja kama upinde, ilhali njia kutoka kinywani hadi kifuani ina pinda zaidi ya moja. Mrija hujaribu kurudi kwenye umbo lake, na kwa kufanya hivyo huegemea nyuma ya zoloto, mahali zilipofungiwa nyuzi za sauti, na juu ya gegedu la krikoidi. Krikoidi ndiyo gegedu pekee katika njia ya hewa linalozunguka mviringo mzima bila mwanya, hivyo uvimbe ukitokea ndani yake hauna pa kwenda ila kuelekea katikati, kwenye nafasi ya hewa. Carl-Eric Lindholm wa Sweden aliyaeleza majeraha haya kwa kina katika utafiti wake wa mwaka 1969 kuhusu wagonjwa waliokaa na mrija muda mrefu. Nusu karne baadaye tatizo halijaisha: utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachungulia kooni wagonjwa 100 waliokuwa na mrija kwa zaidi ya saa 12, na 57 kati yao walikutwa na jeraha la zoloto. Hao ndio waliokuwa na pumzi na sauti mbaya zaidi hata wiki kadhaa baada ya kuondolewa mrija. Mrija mnene ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na jeraha hilo.

Kutoka chuma hadi mpira

William Macewen, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alipitisha mrija wa chuma kinywani mwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ulimi mwezi Julai 1878, ili aweze kumlaza usingizi na kumpasua bila damu kuingia mapafuni. Miaka michache baadaye Joseph O'Dwyer wa New York alianza kuingiza mirija mifupi ya chuma katika zoloto za watoto waliokuwa wakikabwa na dondakoo. Chuma kilifungua njia, lakini hakipindi wala hakilingani na umbo la mwili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika hospitali ya Sidcup kusini mwa Uingereza, Ivan Magill na Stanley Rowbotham walikuwa wakiwalaza usingizi askari waliopasuliwa nyuso. Barakoa ya dawa isingeweza kuwekwa juu ya uso uleule unaopasuliwa, kwa hiyo waligeukia mirija ya mpira. Magill aliikata kutoka katika mpira uliouzwa ukiwa umeviringishwa, na mkunjo wa mviringo huo ukasaidia kuuongoza mrija kooni. Mkunjo huo ungalipo katika mirija ya leo, ingawa haukuanza kwa kupima njia ya hewa ya mtu yeyote.

Mwaka 1928 Arthur Guedel na Ralph Waters wa Marekani walichapisha maelezo ya mrija wenye puto la mpira. Ili kuwathibitishia wenzake kwamba puto linaziba, Guedel alimlaza mbwa wake usingizi, akamwekea mrija na kumzamisha katika tangi la maji mbele yao. Mbwa akatoka mzima. Onyesho lile lilijibu swali la kuziba. Halikugusa swali la kubana, kwa sababu upasuaji wa wakati huo ulimalizika kwa saa chache na puto likaondolewa.

Kilichobadilisha mambo ni polio. Mwaka 1952 Copenhagen ilikumbwa na mlipuko wa polio ambao uliwapooza wagonjwa hata misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe shingo, wawekewe mirija yenye puto, na kupumuliwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kubana mifuko ya hewa kando ya vitanda, na vifo vikapungua sana. Hapo ndipo huduma ya wagonjwa mahututi tunayoijua ilipoota mizizi. Lakini puto lililobuniwa kwa saa mbili sasa lilikaa shingoni kwa wiki kadhaa. Kufikia miaka ya 1960 hospitali kubwa zilikuwa zikipokea watu wengi waliosalimika kwenye mashine ila trakea zao zimeziba kwa makovu.

Puto kubwa, shinikizo dogo

Katika Massachusetts General Hospital ya Boston, Joel Cooper na Hermes Grillo walichunguza trakea za wagonjwa waliofariki baada ya kuwekewa mirija yenye puto. Mwaka 1969 walichapisha walichokiona: uharibifu ulikuwa hasa pale puto lilipokaa, na ulizidi kina kadiri siku zilivyopita. Ushahidi huo uliondoa ubishi. Wengine walikuwa wakidhani maambukizi au shinikizo la chini la damu ndiyo chanzo kikuu. Sasa mkosaji alikuwa na anwani.

Tatizo lilikuwa katika umbo na ugumu. Puto la zamani lilikuwa dogo na nene. Kwanza lilihitaji nguvu nyingi kutanuka, kisha likagusa trakea kwa ukanda mwembamba uliobana vikali na kuilazimisha iwe duara. Shinikizo ndani yake liliweza kupita milimita 100 za zebaki, mara kadhaa zaidi ya lile la damu ya utando. Cooper na Grillo walitengeneza puto pana, la ngozi nyembamba, ambalo lingejaa kabla ya kuanza kuvutika. Puto la namna hii hulala juu ya ukuta kama mfuko, likafuata umbo la trakea badala ya kulibadilisha. Mwaka uleule wa 1969 watafiti wengine wa Boston walionyesha kwamba hata kulivuta puto la kiwandani kabla ya kulitumia hupunguza madhara.

Puto pana lilileta faida nyingine isiyozungumzwa sana. Kwa kuwa halivutiki, shinikizo lililomo ndani yake hukaribia kulingana na lile linaloukandamiza ukuta. Kwa puto gumu, kipimo cha ndani hakikumwambia daktari chochote kuhusu utando. Kwa puto laini, geji iliyounganishwa nje ya kinywa inaweza kusema ukweli wa kilichoko kifuani. Usalama ukawa kitu kinachopimika.

Wakati huohuo malighafi ilibadilika. Mpira mwekundu uliokuwa ukioshwa na kurudiwa ulitoa nafasi kwa plastiki ya PVC, ambayo ni angavu, hutumika mara moja, na hulainika kwa joto la mwili. Nayo ilikuja na siri yake. Baadhi ya plastiki ilichanganywa na kemikali zenye madini ya bati ili isiharibike kwa joto, na mwaka 1968 ilionyeshwa kwamba kemikali hizo huunguza nyama ya mwili. Viwanda vikatakiwa kupandikiza vipande vya plastiki yao katika misuli ya sungura na kuangalia kama nyama itavimba. Herufi IT na alama Z79 zilizochapwa ubavuni mwa mirija mingi zilitokana na kipimo hicho na kamati ya Marekani iliyoweka viwango hivyo.

Mikunjo na makohozi

Puto lililo pana kuliko trakea halina budi kukunjamana. Katika kila mkunjo hubaki mfereji mwembamba, na mate yaliyojaa vijidudu, yaliyotuama juu ya puto, hupenya humo tone kwa tone. Mgonjwa aliyenusurika kidonda cha trakea akawa katika hatari ya nimonia ya mashine, ambayo ni moja ya maambukizi yanayoogopwa zaidi katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Wabunifu walijibu kwa njia kadhaa. Baadhi walibadilisha ngozi ya puto. Puto la PVC huwa na unene wa kiasi cha maikroni 50. La poliyurethani linaweza kuwa maikroni 7 tu, hivyo mikunjo yake ni midogo mno na hupitisha kimiminika kidogo zaidi. Wengine walitoboa njia ya pili ndani ya ukuta wa mrija, inayofunguka juu ya puto, ili makohozi yanyonywe kabla hayajapata mwanya. Njia hii imethibitika kupunguza nimonia katika tafiti nyingi, ingawa huufanya mrija uwe mnene kwa nje, na tundu la kunyonyea likikaa vibaya linaweza kuuvuta utando na kuuchubua. Kwa mara nyingine, faida ya mapafu inalipiwa na koo.

Kundi la tatu liliupaka mrija fedha, madini yanayoua vijidudu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2008 lilikuta nimonia kwa asilimia 4.8 ya waliotumia mrija wa fedha, dhidi ya asilimia 7.5 ya waliotumia wa kawaida, lakini vifo havikupungua. Theodor Kolobow wa taasisi za afya za Marekani huko Bethesda alikwenda mbali zaidi: alitengeneza mrija wa ukuta mwembamba sana usio na puto kabisa, wenye visahani laini vinavyoziba kwa kugusa tu. Wazo lake halikuenea hospitalini, lakini lilionyesha kwamba puto si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa wabunifu, na unaweza kufikiriwa upya.

Unene, ncha na mkunjo

Mrija huuzwa kwa kipimo cha tundu la ndani. Utando wa mgonjwa hukutana na kipimo cha nje, na mirija miwili yenye tundu moja inaweza kutofautiana kwa nje kulingana na unene wa ukuta. Ndiyo maana kuandika 8 kwenye fomu hakutoshi kumwambia mtu ni kitu kipana kiasi gani kinachopita kati ya nyuzi za sauti.

Kwa miaka mingi mazoea yalikuwa kuchagua mrija mnene, kwa hoja iliyo na mantiki. Hewa inayopita taratibu ndani ya bomba hupata ukinzani unaozidi kwa kipeo cha nne kadiri bomba linavyopungua kipenyo, hivyo kushuka kutoka milimita 8 hadi 7 huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 70. Kwa mgonjwa anayejitahidi kupumua mwenyewe kupitia mrija, hilo si dogo. Lakini mashine za leo zinaweza kufidia ukinzani huo, ilhali hazina namna ya kufidia nyuzi za sauti zilizochubuka. Kwa wanawake na watu wafupi, ambao zoloto zao ni ndogo, mrija wa 6.5 au 7 mara nyingi hutosheleza. Huu ni ulinzi usiogharimu kitu. Unahitaji tu ukubwa huo uwepo kabatini mgonjwa anapofika.

Ncha nayo imefanyiwa kazi. Mrija wa kawaida umekatwa mshazari, na mwaka 1941 Francis Murphy alipendekeza tundu la ubavuni ili hewa ipite hata ncha ikiegemea ukuta. Ukingo wa mshazari huo hukwama kwenye zoloto, hasa mrija unapoteremshwa juu ya kamera nyembamba au kiongozi cha plastiki, na mtu akisukuma kwa nguvu huchubua. Ncha laini iliyopinda kuelekea katikati, kama ile ya mrija uitwao Parker, huteleza bila kukwama. Kuhusu mkunjo, Lindholm alipendekeza mrija uliofinyangwa kulingana na pinda halisi za mwili ili usiegemee nyuma ya zoloto. Mwaka 1975 ikaja mirija iitwayo RAE, iliyopindwa kiwandani ili isimsumbue daktari anayepasua mdomo au uso. Wengine walipachika waya wa kuviringisha ndani ya ukuta, mrija ukawa unapinda bila kuziba, ingawa mgonjwa akiuuma kwa nguvu waya hubaki umebonyea na hewa ikakatika.

Archie Brain wa London alilijibu swali kwa kulikwepa. Kuanzia mwaka 1981 alibuni barakoa ndogo inayokaa juu ya zoloto bila kupita kwenye nyuzi za sauti. Kwa upasuaji mfupi wa mtu mwenye tumbo tupu, trakea haiguswi kabisa. Kwa mgonjwa anayetapika, au anayehitaji mashine kwa siku nyingi, mrija bado hauna mbadala wa namna hiyo.

Watoto si watu wazima waliofupishwa

Kwa mtoto mchanga hesabu ni kali. Njia ya hewa yenye kipenyo cha milimita 4 ikivimba milimita moja pande zote, eneo la kupitisha hewa hubaki robo tu. Kwa hofu hiyo, vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba mtoto mdogo awekewe mrija usio na puto, wenye unene wa kutosha kuziba kwenye krikoidi huku ukiachia hewa kidogo ivuje.

Fundisho hilo lilikuwa na gharama iliyofichika. Unene sahihi haujulikani kabla ya kujaribu, kwa hiyo mrija hutolewa na kuingizwa mwingine, na kila jaribio hukwaruza. Ukiwa mnene kupita kiasi, unaisugua krikoidi moja kwa moja. Mirija ya watoto yenye puto iliyokuwepo nayo ilikuwa mibaya, kwani viwanda vilichukua mrija wa mtu mzima na kuupunguza. Puto likawa refu mno na likakaa juu mno, ndani ya zoloto badala ya chini yake.

Wabunifu walipoanza kupima watoto wenyewe, mambo yalibadilika. Puto fupi la poliyurethani liliwekwa karibu na ncha, tundu la Murphy likaondolewa ili kulipa nafasi, na alama za kina zikachorwa ubavuni. Mwaka 2009 Markus Weiss na wenzake walichapisha jaribio la hospitali za Ulaya lililohusisha watoto 2,246 wasiozidi miaka mitano. Mluzi wa uvimbe baada ya mrija kutolewa ulikuwa asilimia 4.4 kwa mrija wenye puto na 4.7 kwa usio na puto, yaani karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa kwingine: waliohitaji kubadilishiwa mrija walikuwa asilimia 2.1 kwa kundi la kwanza na 30.8 kwa la pili. Puto lile liliziba kwa wastani wa takriban sentimita 11 za maji tu. Huu ni ushahidi mzuri kuliko wowote niujuao kwamba umbo likifuata mwili, mvutano kati ya kuziba na kubana hupungua kwelikweli.

Kidole na geji

Mwaka 1984 Seegobin na van Hasselt walichungulia kwa kamera trakea za wagonjwa 40 wakiwa na puto lililojazwa kwa viwango mbalimbali. Shinikizo lilipopita sentimita 30 za maji, utando ulianza kupauka; lilipofika 50, damu ilikatika kabisa juu ya magegedu. Kazi hiyo ilichangia kiwango kinachopendekezwa leo, sentimita 20 hadi 30: chini ya hapo makohozi hupita, juu yake utando huanza kukosa damu.

Dirisha hilo ni jembamba, na mikono ya watu hailioni. Katika hospitali nyingi mtu hujaza puto kwa bomba la sindano, kisha hubonyeza kiputo kinachoning'inia nje ya mdomo na kukisia. Utafiti wa hospitali tatu za Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulipima wagonjwa 93: asilimia 27 tu walikuwa ndani ya dirisha, na wengine asilimia 27 walipita sentimita 40. Uzoefu wa aliyejaza haukuleta tofauti kubwa. Trakea nyingi zilihitaji mililita 2 hadi 4 tu za hewa, ilhali bomba la sindano lililo mkononi kwa kawaida hubeba 10.

Na hata puto lililojazwa sawasawa halitulii. Gesi ya naitrasi oksaidi inayotumika katika usingizi hupenya ndani yake na kuliongezea shinikizo. Mgonjwa akisafirishwa kwa ndege, kama inavyofanyika kila mara kutoka wilaya za mbali za Afrika Mashariki hadi Nairobi, hewa ndani ya puto hutanuka kadiri ndege inavyopanda. Shingo ikigeuzwa, kipimo hubadilika.

Hapa ndipo utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2017, unapostahili kusomwa na kila idara ya usingizi katika eneo letu. Watafiti walilinganisha kidole na kifaa kingine kilichokuwepo tayari: bomba la sindano la plastiki ambalo mkono wake huteleza bila msuguano, linalotumiwa kutafuta nafasi wakati wa kuchoma ganzi ya mgongo. Puto hujazwa kupita kiasi kidogo, bomba hilo likachomekwa, na shinikizo lenyewe likasukuma mkono nyuma mpaka usimame. Kwa njia hiyo takriban theluthi mbili ya wagonjwa waliangukia ndani ya dirisha. Kwa kidole, chini ya robo. Kifaa hiki hakimalizi tatizo, maana theluthi moja bado walikosea, lakini kimewavuta wengi kutoka hatarini bila umeme wala betri.

Kwenye nchi tajiri kuna mashine zinazodumisha shinikizo bila kuguswa. Saad Nseir na wenzake wa Lille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2011 kwamba udhibiti wa namna hiyo ulipunguza makohozi yanayopenya pamoja na nimonia. Jaribio kubwa zaidi la Vietnam, lililochapishwa baadaye na kulinganisha mashine na upimaji wa mkono kwa ratiba, halikukuta tofauti ya maana. Nalisoma tokeo hilo kama habari njema: muuguzi mwenye geji ya mkono anayepima kwa ratiba anaweza kufikia kazi ya mashine ya gharama.

Mrija gani tuudai?

Ubunifu wa kuvumilia makosa ya binadamu upo tangu miaka ya 1970. Mrija wa Lanz una puto la pili la nje linalopokea hewa ya ziada, kiasi kwamba anayejaza kupita kiasi halibani koo. Puto la sponji hunyonywa hewa wakati wa kuingizwa, kisha huachwa wazi na sponji ikatanuka yenyewe mpaka itosheleze nafasi, bila mtu kuamua kiwango. Mirija hiyo haikuenea kama ilivyostahili, kwa sababu mrija wa kawaida ni rahisi zaidi kutengeneza na inadhaniwa kwamba kila hospitali ina geji.

Dhana hiyo ndiyo ya kupingwa. Zabuni ya mirija ikitaja ukubwa na idadi peke yake, iwe ya Bohari ya Dawa ya Tanzania, ya KEMSA, bohari ya dawa ya Kenya, au ya hospitali ya misheni, atakayeshinda ni wa bei ya chini. Zabuni inaweza kudai mambo manne zaidi: puto pana la shinikizo dogo lenye ngozi nyembamba, kipimo cha nje kilichoandikwa wazi, mirija ya 6.5 na 7 kwa wingi pamoja na ya watoto yenye puto lililokaa mahali pake. Na geji, au walau bomba la sindano lisilo na msuguano, kwa kila chumba cha upasuaji na kila kitanda cha mahututi. Geji moja huhudumia wagonjwa wengi mno kwa miaka, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na upasuaji mmoja wa kukata trakea iliyoziba na kuunga ncha zake, upasuaji ambao wataalamu wake katika eneo letu ni wachache.

Pia tuwafuate wagonjwa baada ya mrija kutolewa. Aliyekaa na mrija siku kadhaa na bado ana sauti iliyokwaruza au anapumua kwa mluzi baada ya wiki chache achunguliwe kooni kabla ya kuandikiwa dawa ya pumu. Bila rejista ya majeraha hayo hatutajua mirija tunayonunua inatufanyia nini, na viwanda havitasikia kutoka kwetu.

Wabunifu wamekwisha kutuonyesha kwamba njia ya hewa inaweza kuzibwa kwa shinikizo dogo kuliko tulivyodhani. Kilichobaki ni kudai mirija inayobuniwa kwa ajili ya wodi tulizonazo, na kupima kila puto tunalolijaza hadi siku mirija hiyo itakapofika.